Ridi doti ya darubini ya mwezi mwandamo: ifungwe wapi?

MwanaWesha (mleta uzi)

Assalaam alaykum wanajamvi.

Kila inapokaribia Shaaban 29, huku kwetu Pemba suali linarudi lile lile. Darubini ipo, imeletwa na ndugu au imenunuliwa kwa mchango, na ndani ya boksi kuna kile kidude cha nukta nyekundu, ndiyo ridi doti, kilengeo cha kuielekezea darubini. Kifungwe wapi? Wengi wanakifunga pale penye tundu za skrubu, basi. Ikifika Magharibi wanaizungusha darubini kulia na kushoto, mwezi unazama, na hakuna anayeweza kusema kama haukuwepo au ulikuwepo wakaukosa. Hilo la pili linaniuma, kwa sababu lina dawa, na dawa yenyewe ni mahali pa kufunga kidude hicho.

Kwa wasiokijua: ni kijioo kilichopinda kidogo na taa nyekundu ndogo nyuma yake. Taa inapiga kwenye kioo, wewe unatizama kupitia kioo hicho hicho, na nukta inaonekana kama imebandikwa mbinguni. Hakikuzi kitu. Hakigeuzi picha. Ukisogeza kichwa kidogo, nukta inabaki juu ya kile kile ulicholenga. Aliyebuni mpango huu ni Howard Grubb, mtengenezaji wa darubini wa Dublin, mwaka 1900, na aliubuni kwa ajili ya kulengea bunduki. Kampuni ya Aimpoint ya Sweden ikatoa ya taa ya umeme mwaka 1975. Kwa hiyo kitu kilitoka mkononi mwa fundi wa darubini, kikaenda kwenye bunduki, kisha kikarudi kwenye darubini.

Kwa nini tunakihitaji? Chukua darubini ya kawaida inayofika huku, ya urefu wa fokasi milimita 700, na lenzi ya jicho, ile ndogo unayotizamia, ya milimita 25. Inakuza mara 28 na inakuonesha kipande cha mbingu kisichofika digrii 2. Mwezi mchanga umejificha kwenye mbingu ya rangi ya chungwa, haujaonekana kwa jicho, na wewe unatafuta kwa tundu la digrii 2. Bila ya kilengeo ni kubahatisha tu.

Na muda hauko upande wetu. Sisi tuko digrii 5 hadi 6 kusini ya ikweta, jua na mwezi vinashuka karibu wima. Mbingu inazunguka digrii moja kila dakika nne. Mwezi ulio digrii 8 juu ya upeo wakati jua linakuchwa, umebakiwa na kiasi cha nusu saa. Dakika za mwanzo mbingu bado inang'aa mno, dakika za mwisho mwezi uko ndani ya ukungu wa bahari na mawingu ya bara. Kinachobaki katikati ni kidogo.

Msimamo wangu ndio huu, na niko tayari kuutetea: kilengeo kifungwe kwenye sehemu ya darubini isiyocheza, na kiinuliwe juu kiasi kwamba unalenga bila ya uso wako kugusa bomba, bomba likiwa limelala karibu sawa na ardhi. Mwezi mwandamo hautizamwi utosini. Unatizamwa digrii tano, sita, kumi juu ya bahari. Watu wanaijaribu darubini usiku kwa nyota za juu, wanaona kila kitu kiko sawa, kumbe kazi ya mwezi inataka mkao mwengine kabisa.

Karibuni tujadili.

MzeeWaLindo

Waalaykum salaam. Uzi mzuri huu kijana wangu, nami nitachangia kwa upande ninaoujua. Bunduki nimeishika kikazi miaka mingi, visiwani na bara.

Kwenye bunduki hatukuachiwa tujifungie tunavyopenda. Kilengeo kinakaa juu ya mwili wenyewe wa bunduki, pale penye mitambo, kwa sababu mwili na mtutu ni kitu kimoja. Ukikipeleka mbele kwenye kishikio cha mkono, kishikio kinapinda ukivuta mkanda au ukiegemeza bunduki ukutani, na nukta inakudanganya. Bunduki ya AK ina mtihani wake: kifuniko cha juu kinavuliwa kila ukisafisha na kinacheza, kwa hiyo kufunga kilengeo juu ya kifuniko cha kawaida ni kujidanganya. Ndio maana nyingi zimepigiwa reli ya ribiti ubavuni kushoto, kilengeo kinaanzia hapo kisha kinapinda kuja juu. Wengine wanakiweka juu ya bomba la gesi, lakini pale panachemka ukipiga mfululizo.

Hapo nakubaliana nawe: pasipocheza. Ila hilo la kuinua juu silikubali upesi. Sisi tulifundishwa kilengeo kikae chini kadiri inavyowezekana, shavu lilale kwenye kitako, jicho lijikute lenyewe mahali pake kila mara. Shavu likielea hewani, kila risasi inakwenda kwake. Na tulitaka nukta ilingane na vilengeo vya chuma vya bunduki yenyewe, ili betri ikifa uendelee na kazi. Wewe unasema uso usiguse. Nieleze.

MwanaWesha

Mzee wangu, shikamoo, na ahsante. Umeuliza penyewe khasa.

Bunduki unaibana. Bega, shavu na mikono miwili vinaishika iwe kitu kimoja na mwili wako, na shavu ni sehemu ya mshiko huo. Darubini imeshikwa na miguu yake mitatu, na kila kinachoigusa kinaiharibia. Shavu likiegemea bomba wakati unalenga, bomba linasukumwa nusu digrii. Nukta iko juu ya shabaha, umefurahi. Unaondoa shavu kwenda kwenye lenzi ya jicho, bomba linarudi lilipokuwa. Mwezi wenyewe una upana wa nusu digrii. Ushaukosa.

Kisha suala la kimo. Kwenye bunduki kimo kina gharama, kwa sababu nukta iko juu ya mtutu kwa sentimita sita au saba, na risasi inaanguka njiani. Kwa shabaha ya hatua chache risasi inapiga chini ya nukta kwa kiasi hicho hicho, halafu kadiri unavyokwenda mbali hesabu inabadilika. Mwanga wa mwezi hauanguki, na mwezi uko mbali kiasi kwamba sentimita 15 za kimo si kitu. Nipige hesabu: kilengeo kikiwa sentimita 15 juu ya mstari wa bomba, na ukakirekebisha kwa mnazi ulio mita 100, utakosea dakika 5 za pembe (digrii moja ina dakika 60), yaani sehemu ya sita ya upana wa mwezi. Ukikirekebisha kwa kitu cha kilomita 10, kosa halipimiki kwa kifaa chochote tulicho nacho. Kimo kwenye darubini ni bure, almuradi unarekebishia mbali.

Kwa hiyo kanuni yako ya kwanza tumeichukua vile vile ilivyo, ya pili tumeipindua.

MzeeWaLindo

Marahaba. Sasa nimekuelewa. Kama ni hivyo, kwenye darubini "kishikio cha mbele" ni kipi? Maana kila chombo kina sehemu yake ya uongo.

MwanaWesha

Zipo, Mzee, na huku zinapatikana zote.

Ile kofia ya mbele ya kuzuia umande na mwanga, kwa zile za lenzi. Inachomolewa, inazunguka, na mara nyingi ni plastiki. Nimeona watu wanabandika kilengeo pale kwa sababu ni pana na panaonekana pazuri.

Ile sehemu inayotoka na kuingia unapozungusha gurudumu la kusafisha picha. Ukifunga kilengeo juu ya kitu kinachotembea, umejitakia. Hata zile zenye kiti cha kilengeo kilichotoka kiwandani, hakikisha kiti kimeshika kwenye bomba au kwenye sehemu iliyotulia, kisiwe juu ya kile kibomba kinachosogea.

Bomba lenyewe likiwa la bati jembamba, kilengeo kisikae katikati ya nafasi tupu. Kikae karibu na pete zinazoshika bomba, au juu ya pete yenyewe. Pete ndiyo yenye nguvu, na pete nyingi zina tundu la skrubu juu, limekaa tu halina kazi.

Namna ya kujua kama panacheza: lenga kitu cha mbali mchana, nukta iwe juu yake na kitu kiwe katikati ya lenzi. Bonyeza kilengeo kwa kidole pole pole, uachie. Inua bomba juu kabisa, lirudishe chini. Toa lenzi ya jicho, irudishe. Nukta na lenzi zikiendelea kuelewana, pamefaa. Zikiachana, tafuta pengine, usiishie kukaza skrubu.

BintMkoani

Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa skuli, tunayo ya lenzi, kipenyo milimita 70, ina ule mkono wa kioo unaopinda nyuma ili uangalie kwa kuinama. Nimejaribu jioni hii baada ya kusoma uzi. Nimeilaza kuelekea baharini, nikaja nyuma kulenga. Sioni nukta! Mkono wa kioo pamoja na lenzi ya jicho umesimama kama mtu kakaa mbele yangu sinema. Kilengeo kiko nyuma yake, chini. Nikihamia pembeni nukta inapotea nje ya kioo. Nifanyeje?

MwanaWesha

Mwalimu, umekutana na tatizo lenyewe, na ndilo linalowakosesha wengi wenye darubini za aina yako. Kiwanda kimeweka kilengeo nyuma, karibu na lenzi ya jicho, chini sana. Bomba likiangalia juu hakuna tabu, kwa sababu kichwa chako kinapita chini ya kila kitu. Bomba likilala, mkono wa kioo unasimama wima na kuziba njia ya jicho.

Njia ya kwanza haina gharama. Legeza skrubu inayoshika mkono wa kioo, uzungushe uelekee kulia kwa nusu, usiwe wima wala usilale kabisa, kisha kaza. Njia ya jicho inafunguka, na unakwenda kwenye lenzi kwa kuhamia kulia hatua moja bila ya kushika chombo.

Njia ya pili ni kuinua kilengeo. Fundi seremala akukatie kipande cha mti mgumu kimo cha sentimita 8 hadi 10, kikae juu ya pete au juu ya kiti cha asili, skrubu zipite mpaka kwenye chuma. Mti uwe mkavu na upakwe vanishi pande zote, la sivyo unyevu wa pwani utaupinda na nukta itahama wiki kwa wiki. Kipande cha alumini ni bora zaidi ukikipata.

Fanya zote mbili.

Na jambo moja, kwa kuwa uko na wanafunzi. Mkono huo wa kioo unageuza picha, kulia inakuwa kushoto. Mtoto akiona mwezi uko pembeni ya lenzi na anataka kuuleta kati, atasukuma upande usio sawa na kuupoteza. Kwenye ridi doti picha ni sawa na ya macho. Mfundishe akipotea arudi kwenye nukta, asihangaike ndani ya lenzi.

Mtumbatu_Halisi

Ahsanteni. Mimi nina ya kioo, ile inayokusanya mwanga kwa kioo badala ya lenzi, kipenyo milimita 130, imekuja na ule mguu mzito wenye jiwe la kusawazisha na egemeo la kufuata nyota. Kila nikilenga magharibi chini, bomba limegeuka na kilengeo kiko tumboni, chini ya bomba. Nilale kifudifudi mchangani?

MwanaWesha

La, usilale, badilisha mguu. Ule mguu umetengenezwa kwa watu wa Ulaya na Marekani, ambako egemeo linainuliwa digrii 40 au 50. Kwetu linatakiwa kuelekezwa kusini na kuinuliwa digrii 5 au 6 tu, karibu limelala. Mingi haishuki hadi hapo, na inayoshuka, jiwe linagonga mguu. Kwa kazi ya mwezi mwandamo tafuta mguu wa kawaida wa juu-chini na kulia-kushoto, au sanduku la mbao linalozunguka juu ya kibao. Bomba halitajipindua, na kilengeo kitabaki pale ulipokifunga.

Ukishahamisha, ya kioo ina shida yake. Lenzi ya jicho iko mbele, karibu na mdomo wa bomba, na kilengeo kinawekwa hapo hapo. Bomba likilala, kati yako na kilengeo kuna urefu wa bomba zima. Ukisimama nyuma yake kabisa, kioo cha kilengeo kinaonekana kidogo kama kifungo cha shati. Ukisogea karibu, unajikuta umelalia bomba. Inua kwa sentimita 10, na usiogope kukirudisha nyuma, karibu na pete, kuliko pale kilipowekwa na kiwanda. Ridi doti haina umbali maalumu wa jicho, na hiyo ndiyo raha yake: kiweke pale kichwa chako kinapokaa kwa raha, kisha toka hapo hadi kwenye lenzi ya jicho iwe hatua moja.

MzeeWaLindo

Hilo la umbali wa jicho ni kweli hata kwenye bunduki. Darubini ya bunduki ukisogea au ukirudi nyuma picha inajaa giza, lakini nukta haina habari na hayo. Na macho yote mawili yawe wazi. Anayefumba jicho moja anapoteza nusu ya mbingu.

Kojani_Mbele

Naomba kuuliza bila ya kuleta fitina. Sisi tumefundishwa kufunga kwa kuuona na kufungua kwa kuuona, na wazee wetu waliuona kwa macho matupu. Hii darubini na minukta mnaitafutia nini?

MwanaWesha

Suali la haki. Hukumu ya kuona kwa darubini nawaachia masheikh na Ofisi ya Mufti, mimi si mtu wa kuitolea neno. Lakini tizama: ridi doti haikuzi hata kidogo. Hata ukiitoa kwenye darubini ukaifunga peke yake juu ya mguu, inamwambia shahidi wa macho matupu: tizama hapa, si pale. Mwezi mchanga hauonekani kwa sababu ni mdogo na hafifu, na jicho halitulii kwenye mbingu tupu, linatangatanga. Likipewa mahali pa kutulia, linauona mapema. Mzee mwenye macho makali anayeoneshwa mahali sahihi ni shahidi bora kuliko yule anayeachiwa upeo mzima.

Na ina faida ya kukanusha pia. Mtu akisema ameuona kule kusini, na nukta imekaa digrii kumi kaskazini yake pale hesabu inaposema, kuna cha kumuuliza kwa adabu.

Kojani_Mbele

Nimekuelewa. Mungu akulipe.

BintMkoani

Kuna mtu kanishauri nitumie gundi ya karatasi ya pande mbili, niepuke kutoboa. Wenye uzoefu?

Mtumbatu_Halisi

Kwa joto letu? Gundi ile inatembea. Asubuhi iko hapa, alasiri chombo kimekaa juani imeshuka.

MwanaWesha

Kweli. Gundi ni ya kujaribia mahali tu: bandika, lenga siku mbili tatu, ukiridhika funga kwa skrubu. Kama hutaki kutoboa bomba, tumia pete, au ukanda wa chuma wa kubania mipira ya maji wenye skrubu, ukiweka kipande cha mpira chini yake usikwaruze. Ukimaliza kurekebisha, tia tone la rangi ya kucha kwenye vichwa vya skrubu. Inazishika, na siku skrubu ikizunguka utaona rangi imepasuka.

Chumvi ndiyo adui mkubwa. Baada ya kila jioni ya pwani, futa kioo kwa kitambaa laini kilicholowa maji baridi kidogo, usikifute kikavu, chumvi inakwaruza. Toa betri, iweke mbali. Vibati vya betri vikishika kutu ya kijani, nukta itakuwa inawaka na kuzimika, na itachagua jioni ile unayoihitaji.

Mtumbatu_Halisi

Nukta yangu jioni haionekani kabisa, mbingu ikiwa bado nyekundu. Nimesikia za bunduki zinawaka zaidi. Niagize moja?

MzeeWaLindo

Mwanangu, usiagize. Ni kweli zinawaka, zimetengenezwa kwa mchana wa jua kali, na za darubini zimetengenezwa kwa giza. Lakini kidude kilichoandikwa kuwa ni cha silaha kikionekana kwenye mzigo wako bandarini Malindi, Unguja, utaulizwa, na ni haki yao kukuuliza. Ukiwa na nia ya kweli, nenda polisi kwanza uulize kama kinahitaji kibali, upate jibu lao, ndipo uagize. Bila ya hivyo kiache.

MwanaWesha

Namuunga mkono Mzee. Na kuna njia ya kujisaidia. Nukta nyekundu inapotea juu ya mbingu nyekundu kwa sababu rangi ni moja na mbingu bado inang'aa kuishinda. Weka kipande cha filamu ya kijivu au kioo cha miwani ya jua mbele ya kilengeo, upande wa baharini, kikae mbali na taa ya nukta. Mbingu inafifia, nukta haififii kwa kuwa mwanga wake hautoki upande huo. Baada ya dakika kumi hivi mbingu ikitulia, kitoe. Wakati huo punguza mwanga wa nukta, kwa sababu sasa itaumeza mwezi wenyewe. Na usiuweke mwezi chini ya nukta khasa, uweke ubavuni mwake.

Kile kioo cha miwani ni cha kupunguza mwanga wa mbingu *baada* ya jua kuchwa. Hakina uwezo wa kukukinga na jua. Jioni darubini isielekezwe magharibi mpaka ukingo wa mwisho wa jua umeshazama baharini. Jua kwenye lenzi ya darubini linapofua jicho mara moja, bila ya maumivu ya kukuonya, na jicho halirudi. Mwalimu, hili kwa watoto lisiwe na msamaha. Kifuniko cha mbele kibaki juu ya darubini mpaka wewe mwenyewe ukitoe.

BintMkoani

In shaa Allah. Sasa nieleze siku yenyewe. Nimefunga, nimeinua, haichezi. Mwezi sijauona. Nukta nailenga wapi?

MwanaWesha

Asubuhi, jua likiwa bado mashariki, rekebisha kilengeo kwa kitu cha mbali. Mimi nikiwa Wesha natumia ncha ya mti kwenye kisiwa cha Misali. Wa Unguja walioko Mbweni au Chukwani wana mnara wa taa wa Chumbe, uliosimama tangu 1904. Kilete kitu katikati kwa lenzi ya milimita 25, kisha zungusha skrubu mbili za kilengeo mpaka nukta ikae juu yake. Rudia kwa lenzi yenye nguvu zaidi. Zuhura ikiwa magharibi msimu huo, hakikisha tena kwayo mara tu jua likichwa, hakuna kipimo bora.

Dira ya simu usiiamini karibu na mguu wa chuma. Amini jua. Pale linapozamia weka alama kwa jicho: wingu, mtumbwi uliotia nanga, chochote. Programu kama Stellarium itakwambia mwezi uko digrii ngapi juu ya hapo na ngapi kulia au kushoto. Kumbuka pahala pa kuchwa panahama: Juni jua linazama digrii 23 hivi kulia ya magharibi, Disemba digrii kama hizo kushoto. Chagua ufuo ambao upeo uko wazi kwa mwezi huo, usije ukakuta mikoko imekuziba.

Kuhesabu digrii: ngumi ya mkono ulionyooka ni kama kumi. Lakini kuna kilengeo kiitwacho Telrad, kirefu kama shubiri, ambacho badala ya nukta kina duara tatu nyekundu za nusu digrii, digrii 2 na digrii 4. Duara kubwa ni rula. Mwezi uko digrii 8 juu ya jua lilipozamia? Pandisha duara kubwa mara mbili, umefika, ukitoa kile mwezi ulichoshuka tangu hapo, digrii moja kila dakika nne. Kwa kazi yetu nakipendelea kuliko nukta tupu, ila ni kizito zaidi, kinataka bomba lisawazishwe upya.

Usianze kwa pupa. Mwanafalaki Yallop wa Uingereza, katika kazi yake ya 1997, aliuweka wakati bora kwenye sehemu nne za tisa za muda kati ya kuchwa jua na kuzama mwezi. Muda ukiwa dakika 36, wakati bora ni dakika 16 baada ya jua kuchwa. Kabla ya hapo kaa na nukta, fuata mwezi unavyoshuka, tizama lenzini, rudi kwenye nukta. Na mwezi wetu usiutafute umesimama kama herufi C. Kwetu unalala chali, ncha zote mbili zimeelekea juu au karibu na juu.

Mtumbatu_Halisi

Na upepo? Kusi ikivuma ufuoni bomba langu linatetemeka.

MwanaWesha

Fupisha miguu, keti kwenye kiti kifupi, tundika ndoo ya mchanga katikati ya miguu, na jikinge nyuma ya ukuta au ngalawa iliyopandishwa. Kilengeo ulichokiinua nacho kinashika upepo, kwa hiyo sentimita 10 zinatosha, usiende 20.

BintMkoani

Nimeshamuita fundi, mti ni mvule. Suali la mwisho: kipande kikae juu kabisa ya pete au ubavuni? Mkono wa kioo nimeuzungushia kulia kama ulivyosema.

MwanaWesha

Kiegemee kushoto kidogo, baina ya juu na ubavu, ili kichwa kinapokuja kulenga kisipite juu ya lenzi ya jicho na kuitia mvuke wa pumzi. Mtoto wa kushoto akilenga, wa kulia awe tayari lenzini, waambizane. Mvule ni mzuri. Mwambie fundi atoboe tundu za skrubu kwa keekee nyembamba kwanza, mti usije ukapasuka.